Zoezi la Kutoka

Ukuta ulivunjika kabla ya dirisha. Hilo ndilo lililozungumzwa mtaani muda mrefu baada ya moshi kuisha, na kila aliyelizungumza alimtazama Nondo kwa pembe ya jicho.

Moto ulianza mchana kweupe, nyumbani kwa mshonaji. Pasi ilisahauliwa juu ya kitambaa. Mshonaji alikuwa amejifungia ndani kwa kufuli, kama alivyozoea tangu wezi walipombebea nguo za wateja, na ufunguo ukamponyoka katika moshi. Akapapasa sakafuni, asiuone. Akakimbilia dirishani, akashika vyuma kwa mikono miwili, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Nondo alifika wa kwanza, mbio kutoka karakana yake, mashine ya kukatia chuma mkononi. Vyuma vile alivichomelea mwenyewe. Alijua pa kuvikata hata akiwa amefumba macho. Akatafuta pa kuchomeka waya, akachomeka kwa jirani, mashine isiwake. Mtu mwenye akili zake alikuwa ameshakata umeme wa nyumba zote za mstari ule, asije mtu akarushwa na nyaya zinazoyeyuka. Mashine ikawa jiwe tu. Nondo akaitupa, akashika vyuma kwa mikono, akaweka mguu ukutani, akavuta. Havikutikisika. Alikuwa ameizamisha miguu ya vyuma vile ndani ya zege, kazi ambayo mafundi wengine huikwepa, na ambayo yeye alijisifia kwa kila mteja: "Dirisha langu mimi, mwizi ataihamisha nyumba kwanza."

Muuza mkaa ndiye aliyeleta nyundo ya kupasulia mawe. "Ondoka hapo, Nondo! Achana na dirisha! Pigeni ukuta!"

Wakapiga ukuta. Tofali zikasalimu amri. Mshonaji akavutwa nje kupitia tundu chini ya dirisha kama gunia, mkono mmoja umebabuka, anakohoa masizi, lakini yuko hai. Dirisha lilibaki limesimama, limeng'ang'ania ukuta uliosalia, halijapinda hata chuma kimoja.

"Fundi," alisema muuza mkaa akijifuta jasho, "kazi yako haina mpinzani. Imekushinda hata wewe."

Watu wakacheka kicheko cha watu waliotoka kuogopa. Nondo naye akacheka, kwa sababu alijua asipocheka wataendelea.

*

Wodini walimkuta mshonaji ameegemea mto, mkono umezungushiwa bandeji mpaka kwenye bega. Nondo aliweka machungwa juu ya kijimeza, akayapanga, akayapangua, akayapanga tena. Mkewe, ambaye mtaani aliitwa Mama Chiriku kwa sababu ya binti yao asiyejua kunyamaza, alivuta kiti.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa." Mshonaji alimgeukia Nondo. "Mdogo wangu, uliniambia hakuna mtu atakayeingia, na kweli hakuingia mtu. Mimi ndiye sikukuuliza nitatoka vipi."

"Mungu ashukuriwe umetoka, dada," alisema Nondo.

"Nimetoka. Mwenye nyumba ameshanitumia salamu zake, anauliza nani aliruhusu ukuta wake uvunjwe." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Kilipotulia aliuliza, "Na Mama yenu? Bado mnamfungia?"

Mama Chiriku aliangalia sakafu. Majirani walikuwa wameambiwa kwamba Bibi, mama yake Nondo, hulala mchana. Ukweli ulikuwa mwingine. Akili za Bibi zilikuwa zimeanza kupotea njia, na miguu yake ikafuata. Alikuwa akitoka na kwenda zake, hadi siku dereva wa lori alipomrudisha kutoka barabara kuu, akauliza mbele ya watu wote: "Huyu mama ana wenyewe, au ni wa barabarani?" Tangu siku ile, Chiriku akiwa shuleni na mama yake kazini, Nondo alifunga mlango wa vyuma kwa kufuli kutoka nje, akavaa ufunguo shingoni, akaenda karakana. Ni hapo tu, alijiambia. Ni kuvuka barabara tu.

"Huwa analala mchana," alisema Nondo.

"Mimi ni jirani yako, baba. Kichochoro tu kinatutenga." Mshonaji hakupandisha sauti. "Analala huku anagonga mlango?"

Walirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima Mama Chiriku hakusema neno, na mumewe alimjua: mwanamke yule akinyamaza, ujue anapiga hesabu. Walipofika mlangoni, Nondo akiwa anavuta ufunguo kutoka ndani ya shati, ndipo akauliza.

"Siku ile ya moto, Mama alikuwa wapi?"

"Ndani."

"Amefungiwa."

"Si unajua..."

"Nauliza nijue vizuri. Moto ulikuwa kwa mshonaji, hapo, kichochoro kinatutenga. Mtaa mzima unavunja ukuta. Wewe unavuta dirisha. Na mama yako yuko nyuma ya kufuli lako, ufunguo uko shingoni mwako. Ulimkumbuka saa ngapi?"

Nondo alisimama na ufunguo mkononi. Angeweza kudanganya, lakini uongo haukuja upesi.

"Moto ulipozimika," alisema.

*

Mama Chiriku alikuwa mtandika vitanda katika nyumba ya wageni. Kule, nyuma ya kila mlango kulikuwa na karatasi iliyochorwa: ukisikia kengele njia ni hii, hii ikishindikana njia ni ile. Mara kwa mara meneja aliwapigia kengele bila taarifa, na wote wakatoka uani, wapishi na aproni zao, wageni na soksi zao, wakicheka. Yeye pia alikuwa akicheka. Siku yake ya mapumziko hakugusa nguo chafu. Alijifunga kitambaa kichwani, akamwita binti yake.

"Chiriku, njoo tuikague hii nyumba."

"Tunatafuta nini, mama?"

"Kitakachotuua."

Walianza jikoni. Mpira wa gesi ulikuwa umekazwa kwenye mtungi kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ufundi wa Nondo mwenyewe. Mama Chiriku aliupaka maji ya sabuni, na povu likafura polepole kama shavu la mtoto aliyenuna. Akafunga gesi iliyokuwa ikivuja. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na kabati la vyombo tangu walipohamia. Chiriku, mwenye miaka kumi na minne, hakuwahi kujua kwamba nyuma ya kabati kuna mlango. Chini ya mkeka wa sebuleni ekstensheni ilikuwa imechubuka hadi shaba ikawa inachungulia. Na kwenye rafu, kando ya chupa ya maji ya kunywa, ilikaa chupa nyingine ya maji ya kunywa, iliyojaa mafuta ya taa.

"Hii nani ameiweka hapa?" Chiriku aliuliza kwa sauti ya askari.

"Mimi," alisema mama yake. "Endelea."

Chumbani kwa Bibi, mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, anachezesha miguu kama msafiri anayengoja gari. "Msinihamishie vitu vyangu," aliwaonya. Chiriku akapiga magoti, akachungulia mvunguni. Akachelewa kuinuka.

"Baba! Baba, njoo! Bibi amelalia petroli!"

Nondo alikuja akijikuna shingo. "Si petroli. Ni thina ya kuchanganyia rangi. Na rangi kidogo."

"Inawaka, haiwaki?"

"Inawaka."

"Kushinda petroli?"

"Chiriku, mwache baba yako apumue," alisema Mama Chiriku, ingawa naye alitaka jibu.

Nondo alieleza. Karakana ilivunjwa, makopo mengine yakaibwa. Alifikiri sana ni wapi mwizi hawezi kufika, na katika nyumba nzima mahali palipokuwa salama zaidi ni chini ya kitanda cha mama yake, nyuma ya vyuma, nyuma ya kufuli. Alipokuwa akieleza alisikia maneno yake mwenyewe, yakawa yanapungua nguvu moja baada ya jingine.

"Mwizi hafiki," mkewe alikubali. "Hapo umesema kweli."

Nondo aliyabeba makopo mwenyewe hadi uani, mawili mawili. Aliporudi alimkuta mkewe mlangoni, kiganja kimekaa kiunoni.

"Siku moja nitapiga sufuria. Mkiisikia, ni moto. Kila mtu atoke nje."

"Zoezi? Sisi ni jeshi?"

"Jeshi wana bahati, wao wanafunguliwa lango."

*

Aliipiga Jumamosi mchana, Nondo akiwa bafuni, kichwa kizima kimejaa sabuni.

"Moto! Moto! Tokeni nje! Moto!"

Nondo alitoka kwa taulo, jicho moja limefumba. Alikimbilia mlangoni, ambako safari hii kufuli lilikuwa limefungwa kwa ndani, akapeleka mkono shingoni, akakuta shingo tupu. Ufunguo aliuvua alipoingia kuoga. Akarudi bafuni, akateleza, akaupata, akauangusha kwenye maji, akaupata tena. Chiriku alikuwa amesimama kwenye mlango wa vyuma, ameushika kwa mikono miwili. Nondo alipomwona amesimama vile, akiwa ameshika vyuma vile, aliusukuma ufunguo kichwa chini, ukakataa kuingia tunduni. Mama Chiriku hakuacha kupiga sufuria. Kufuli lilipofunguka hatimaye, watatu hao walijitupa nje.

Muuza mkaa alikuwa anampimia mteja ng'ambo ya barabara. "Nondo! Moto uko wapi? Au ndio huo ulioufunga kwenye taulo?"

"Ni zoezi!" Mama Chiriku alimjibu. "Wewe pima mkaa, na safari hii ujaze debe!"

Kicheko kikahamia kwa muuza mkaa. Nondo aliikaza taulo kiunoni. Ndipo Chiriku akauliza, "Bibi yuko wapi?"

Waligeukia barabara wote kwa pamoja. Kwa mazoea, walitegemea kumwona ameshafika kwenye kona, anatembea na mwendo wake wa haraka. Hakuwepo. Mlango wa vyuma ulikuwa wazi kabisa, mara ya kwanza kwa muda mrefu, na yule waliyemfungia hakuwa ametoka.

Walimkuta chumbani, katikati ya kabati na ukuta, amechuchumaa, amejifunika blanketi kichwani.

"Mama, toka," alisema Nondo, maji ya sabuni yakimdondoka. "Toka, twende nje."

"Funga mlango," alinong'ona Bibi. "Kuna kelele huko."

Alipomshika mkono amwinue, Bibi alipiga yowe. "Mwizi! Mwizi wa uchi!" Akamuuma kwenye kiganja, akamuuma hasa, kwa meno yake yaliyobaki. Nondo akamwachia. Nje muuza mkaa alikuwa ameshavuka barabara na wenzake wawili. Safari hii hawakucheka.

"Nondo, kuna nini? Unampiga mama yako?"

"Siwezi kumpiga mama yangu!"

"Sisi tumesikia yowe tu, ndugu. Ndiyo maana tunauliza."

Walisimama hapo kidogo, wakamwangalia mtu mwenye taulo, wakaondoka taratibu, wakigeuka nyuma. Nondo alikaa kwenye kizingiti. Alama za meno zilikuwa zimejichora vizuri kiganjani.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Mlango wazi, hatoki. Kumvuta, havutiki. Basi afungwe tu, maana hakuna tofauti."

"Tofauti ipo."

"Ipi? Nikiacha wazi, lori litamgonga. Nikifunga, moto utamkuta. Nichague lipi? Wewe unatoka asubuhi, mimi nina kazi, mtoto ana shule. Hatuna mtu wa kumwajiri. Niambie, nichague lipi!"

Mama Chiriku alikaa kando yake. Hasira ilikuwa imemtoka, na ilipotoka iliacha uchovu tu. "Mimi natandika vitanda vya watu nisiowajua hata majina," alisema. "Mgeni wa usiku mmoja, chumba chake kina njia mbili za kutokea. Mama yako ana moja, na tumeining'iniza shingoni. Sina jibu, Baba Chiriku. Ila najua hili si jibu."

*

Chiriku hakuwa na subira ya wakubwa ya kukaa kizingitini. Aliingia chumbani kwa bibi yake, akachuchumaa naye kati ya kabati na ukuta, akajifunika pembe ya blanketi. Wakakaa hivyo, mabega yamegusana.

"Bibi."

"Ee, mke mwenzangu."

"Ile siku ulipotoka, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Siku gani?"

"Siku zote unazotoka."

Bibi alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza jua huchomoza upande gani. "Kumchukua mtoto. Si wanatoka shule mchana? Nikichelewa anasimama pale getini peke yake, analia. Hasemi kama amelia, lakini mimi nauona uso."

"Mtoto gani, Bibi?"

"Si huyu wangu, mwenye kichwa kikubwa."

Nondo alikuwa amekuja mlangoni kutafuta shati. Alisikia. Mkewe, nyuma yake, alisikia pia, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliona mgongo wa mumewe ukishuka, mabega yakaingia ndani kama ya mtu aliyepigwa na mvua. Shule yake ya zamani ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Siku zile barabara ilikuwa njia ya vumbi tu. Alikuwa amemfungia mama yake kwa kosa la kwenda kumchukua yeye.

Alivaa, akatoka. Baada ya muda wakasikia mashine ya kukatia ikinguruma kwenye dirisha la chumba cha Bibi.

Mtu akikata chuma, mtaa mzima husikia. Akikata chuma chake mwenyewe, mtaa mzima huja. Nondo alikata katikati ya dirisha, cheche zikamrukia mikononi, akakitoa kipande kizima cha upana wa mtu. Akakipangusa, akakichomelea bawaba, akakirudisha mahali pake kama kijimlango, na upande wa ndani akaweka komeo la kusukuma, lisilo na kufuli wala ufunguo.

"Leo Nondo anajiibia," alisema muuza mkaa.

"Shika hapa," Nondo alimjibu. "Shika usiache." Na muuza mkaa, kwa kuwa alikuwa amesimama karibu, akashika.

Siku zilizofuata kabati la vyombo liliondolewa kwenye mlango wa nyuma. Mpira wa gesi ukanunuliwa mpya, wa dukani, na kibano chake. Nondo alipita kwa wateja wake wa zamani, nyumba kwa nyumba, akiwaambia atawafungulia sehemu moja ya kutokea, bila malipo. Aliyefungua mlango wa kwanza alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Yaani mimi nilikulipa uzibe, sasa unataka kuzibua? Nani amekutuma?" Mwingine alimwita mkewe aje asikie kichekesho. Waliokubali walikuwa wachache, na wote walikuwa ni wale waliokuwapo siku ya moto.

Asubuhi zilibaki tatizo. Nondo alimchukua Bibi hadi karakana, akamkalisha kwenye kiti nyuma ya turubai, mbali na mwanga wa kuchomelea, akamfunga uzi mrefu mkononi mwake na kwenye kiti, kisha akauona uzi ule, akaufungua kwa aibu. Kuna siku alichelewesha kazi za watu kwa sababu ya kuinuka kila mara kumtazama. Kuna mteja aliyechukua mageti yake akapeleka kwa fundi mwingine. Kufuli lilibaki kwenye mlango wa nyumba kwa usiku tu, na ufunguo ukatundikwa kwenye msumari kando ya mlango, kimo ambacho Chiriku na Bibi wangeweza kukifikia. Usiku wa kwanza Nondo hakulala, akisikiliza kama msumari utalia.

*

"Limebaki moja," alisema Mama Chiriku. "Kumtoa akiwa amejificha."

Walikuwa wamejaribu. Sufuria ikilia, Bibi anakwenda kwenye kabati. Chiriku alimwambia kwa sauti tamu kwamba mtoto ametoka shule, yuko nje anamngoja. Bibi akainua kichwa, akasikiliza. "Sijamsikia," akasema, akarudi ndani ya blanketi.

"Anataka kumsikia mwenyewe," alisema Chiriku, na wote wawili wakamtazama Nondo.

"Hapana," alisema Nondo.

"Kwa nini hapana?"

"Nisimame barabarani, mtu mzima, nilie kama mtoto wa chekechea? Na yule wa mkaa pale?"

"Usilie. Ita tu."

"Nitamwita kutoka hapa ndani."

"Ndani kuna moto, baba," alisema Chiriku. "Mtoto hawezi kutoka shule akiwa jikoni."

Jioni ile, jua bado lipo na watu wanarudi kutoka kazini, Mama Chiriku alipiga sufuria. Bibi akakimbilia kabati. Nondo akatoka hadi ukingo wa barabara, akasimama, akageukia nyumba yake. Watu walikuwa wameshazoea vituko vya nyumba ile. Wawili watatu wakasimama. Muuza mkaa akaacha debe.

"Mama," alisema Nondo.

"Kama unaomba mkopo!" mkewe alimfokea kupitia dirishani. "Ita!"

Nondo alivuta pumzi. Alijaribu kukumbuka sauti aliyokuwa nayo, akagundua kwamba haiko mbali sana.

"Mamaaa! Nimetoka shule! Njoo unichukue!"

Muuza mkaa alifungua mdomo, akaufunga. Ndani, blanketi likaanguka. Bibi alisimama, akavaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto, akampita mkwewe na sufuria yake kama anampita mtu kwenye foleni. Mlangoni alisita, akatafuta kwa macho. Hakuwatazama waliosimama. Alimwona yule mwanamume mwenye ndevu na fulana iliyotobolewa na cheche, na uso wake ukafunguka.

"Mbona hukungoja getini?"

"Nilikuja mwenyewe, Mama."

"Siku nyingine ungoje." Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, kama anavyokaguliwa mtoto kabla ya kula. Ilikuwa na madoa ya kuungua kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko, mengine ya zamani, mengine mekundu bado. "Nani amekuchoma hivi?"

"Nimejichoma mwenyewe."

"Mlikuwa mnachezea moto?"

Nondo alitazama pembeni. Pale kwa mshonaji, ukuta ulikuwa bado na tundu lake, na vyuma vyake bado vimesimama. "Ndiyo, Mama."

"Na mwenzako? Hakuungua?"

"Ameungua mkono."

"Umemwomba radhi?"

Alikuwa amempelekea machungwa. Alimwambia Mungu ashukuriwe, akauliza bandeji inabadilishwa lini. Alilitafuta neno lenyewe katika kumbukumbu ya siku ile wodini, asilipate.

"Bado," alisema.

"Anakaa wapi?"

"Kwa mwanawe. Mtaa wa pili."

"Basi nionyeshe njia." Bibi alimkaza mkono na kuanza kutembea, yule aliyekuwa akifungiwa asitembee, na Nondo akafuata, kwa sababu mama yake hakuwa ameacha nafasi ya kukataa. Muuza mkaa akawapisha. Mama Chiriku alitoka mlangoni na sufuria mkononi, akawaangalia wanavyokwenda ukingoni mwa barabara, mama mbele, mwana nyuma.

"Mama," alisema Nondo walipokaribia kona. "Nitaanzaje?"

"Utaanza kwa salamu," alisema Bibi. "Kwani hukufundishwa?"